Uzi wa kioo, forodhani si uzi wa nguo

Kauli hii imezoeleka kwa waagizaji wetu na mafundi wa boti za faiba hapa Unguja: uzi wa kioo unakuja kwenye roli, unafumwa kitambaa, basi forodha wataupanga pamoja na pamba na polista. Sivyo.

Katika HS, mfumo wa namba za kupangia bidhaa forodhani unaotumika duniani tangu 1988, nguo na nyuzi zake zimo sura ya 50 hadi 63. Maelezo ya mwanzo ya sehemu hiyo yanazitoa nje nyuzi za kioo waziwazi. Kwao ni sura ya 70, ya kioo, kichwa 7019. Kinachoangaliwa ni malighafi, umbo halibadilishi kitu.

Umbo linakuja baadaye, ndani ya 7019. Toleo la 2022 linaweka vipande vilivyokatwa visivyozidi milimita 50 kwenye 7019.11, nyuzi zilizolazwa sambamba bila kusokotwa sana 7019.12, na uzi mwengine 7019.13. Ule mkeka mweupe unaowasha mikono, fundi anaoupaka rezini, ni 7019.14 au 7019.15, kutegemea umeshikanishwa kwa mashine au kwa gundi. Hapa ndipo ankara iliyoandikwa "faiba" tu inapomkwamisha mtu bandarini Malindi.

Kuna kioja kimoja: tarizi ya uzi wa kioo juu ya kitambaa kinachoonekana hubaki kwenye nguo. Na boti ikishakamilika, inahamia sura ya 89.