Kapteni: cheti ni kimoja, wadhifa ni mwingine

Ufukweni kila anayeshika mkono wa injini ya boti huitwa kapteni. Kama salamu haina ubaya. Kwenye meli ya biashara, watu huchanganya cheti na wadhifa.

Cheti ni cha mtu. Chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, anayetaka kuwa nahodha wa meli ya GT 3,000 au zaidi huanza na cheti cha ofisa wa zamu, kisha hutumikia baharini miezi 36. Hupungua hadi 24 ikiwa angalau 12 kati yake alikuwa ofisa mkuu, yule anayemfuata nahodha kwa cheo. Halafu ndipo mitihani. (GT hupima ujazo wa meli, si uzito.)

Wadhifa ni wa meli, na meli ina nahodha mmoja tu. Ofisa mkuu anaweza kuwa na cheti cha nahodha mfukoni, lakini humo ndani yeye ni ofisa mkuu. Rubani wa bandari anayeiingiza meli Kilindini anaujua mlango ule kuliko wote walio usukanini, na bado dhamana haimtoki nahodha. Rubani akikosea, nahodha naye ana la kujibu.

Watu wa majahazi walilijua hilo zamani. Nahodha, neno lenye asili ya Kiajemi, ni bwana wa chombo, na mara nyingi alikuwa mwenye mali. Aliyesoma nyota na kushika njia ni malimu.

Kwenye ndege ni vivyo hivyo: saa 1,500 za kuruka hukupa sifa ya leseni ya juu ya urubani, lakini tepe nne hazivaliwi mpaka shirika likupitishe kwenye mafunzo ya ukapteni.

Ukitaka kuajiri, achana na picha ya sare. Kwenye cheti soma wadhifa, kikomo cha GT, eneo la safari na tarehe ya mwisho. Meli ikiwa na bendera ya nchi nyingine, dai pia uthibitisho wa nchi hiyo. Panapoharibika zaidi ni kwenye kikomo: cheti halali kabisa, ila ni cha vyombo vidogo vya mwambao, na mwenyewe amepewa meli ya kwenda ng'ambo. Kwa vyeti vya Tanzania Bara, namba huhakikiwa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania.

Na mstaafu? Mwite kapteni, ameshaubeba mzigo huo. Chombo asipewe: cheti huhuishwa kila miaka 5.