Impatiens kilimanjari: mmea wa mlima mmoja

Wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa geti la Machame au la Marangu hulikuta siku ya kwanza, wakiwa bado msituni: ua dogo jekundu lenye umanjano, linaning'inia kwenye kikonyo chembamba kando ya njia, penye kivuli na unyevu. Nyuma yake kuna mrija uliojikunja kama mkonga wa tembo. Waongoza wageni hulionyesha, picha zinapigwa, safari inaendelea. Huku chini mjini Moshi ni wachache wanaolifahamu, na inasikitisha, kwa sababu Impatiens kilimanjari haioti porini mahali pengine popote duniani.

Mmea kama huu ndio unaoitwa spishi ya kipekee ya eneo. Watu wengi hudhani maana yake ni mmea adimu. Sivyo. Unaweza kuukuta umejaa bondeni, mashina kwa mashina, ukadhani ni magugu. Upekee wake ni wa makazi: ukiteketea hapo ulipo, hakuna kwingine pa kwenda kuchukua mbegu.

Kwa nini haukusambaa? Litazame tunda lake. Ni ganda dogo la kijani, limevimba katikati. Likikomaa, ukiligusa kwa ncha ya kidole linapasuka ghafla, kuta zake zinajikunja na mbegu zinaruka. Zinaruka hatua moja au mbili tu. Hazina mabawa ya kupeperushwa na upepo, wala nyama tamu ya kumvutia ndege azibebe mbali. Na msitu wenyewe wa ukanda wa mvua, wenye baridi na ukungu, umezungukwa na tambarare zenye joto na ukame. Mbegu ya aina hiyo itafikaje Meru au Usambara?

Uchavushaji nao una ufundi wake. Nekta imekaa ndani kabisa ya ule mrija, na rangi nyekundu huwavutia chozi, ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda. Ua changa hutoa chavua kwanza, huku sehemu ya kike ikiwa imefunikwa na kofia ya chavua. Kofia hiyo ikianguka ndipo sehemu ya kike inapojitokeza. Kwa hiyo ndege hutoa chavua ua moja na kuipeleka kwenye lingine lililokwisha kukomaa. Jina la kitaalamu lilitolewa na Daniel Oliver, mtaalamu wa bustani ya Kew, Uingereza, na hadi leo wapo wapenda maua wa Ulaya wanaoutunza kwenye vyungu.

Kwetu unaweza kustawi, hasa sehemu za juu kama Marangu, Machame au Kibosho, ambako kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kina kivuli cha migomba na mfongo, mfereji wa kumwagilia, haupo mbali. Moshi mjini joto ni kali mno kwake. Ila usiuchume hifadhini: kung'oa mmea au kukata tawi ndani ya Hifadhi ya Taifa ni kosa kisheria. Tafuta kipandikizi kwa mtu anayeuotesha kihalali.

Kukiotesha si kazi. Kata ncha ya shina chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini na maua yote, kisha uchomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji ya majani yaliyooza. Shina lake limejaa maji na huvunjika upesi, kwa hiyo toboa tundu kwanza kwa kijiti. Weka kivulini na udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji, maana shina huoza kuanzia chini. Ukikauka, majani hulegea saa hiyohiyo. Mara nyingi huinuka ukiwahi kumwagilia. Konokono wanaupenda sana, hivyo pita usiku na tochi uwaondoe kwa mkono.