Unasihi shuleni ni nini hasa? (sio kugombezwa)

Juzi mama mmoja muuza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, ananiambia kijana wake wa fomu tuu aliitwa kwenye unasihi shuleni, basi aliporudi home akala fimbo, maana mama alijua tu keshaharibu huko. Na sio yeye peke yake anayewaza hivyo.

Unasihi ndo kaunselingi, wengine wanaita ushauri nasaha. Mwalimu aliyepewa kazi hiyo anakaa na mwanafunzi faragha, anamsikiliza, anamuuliza taratibu mpaka mtoto mwenyewe aone kinachomsumbua ni nini na atatokaje. Anayeongea sana ni mtoto. Ukiona ticha kaongea nusu saa na dogo anaangalia chini anaitikia "ndio ticha", hayo ni mahubiri.

Wanaotafutwa zaidi ni wale walio hatarini, na huku ziwani hawajaandikwa usoni. Dogo anasinzia darasani mnasema mvivu, kumbe usiku yuko ziwani na taa anavua dagaa, na dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa hiyo mnasihi mjanja akishika rejista anaona kabisa mtoto anapotea siku mwezi haupo, afu mbalamwezi ikiwaka yupo darasani. Hapo una pa kuanzia maongezi. Au binti ana simu mpya na nyumbani hakuna anayejua kanunuliwa na nani.

Kuna usiri pia. Anachosema hakiendi stafu rumu kuwa stori ya chai. Ila kama anafanyiwa ukatili au anataka kujidhuru hapo hakuna siri. Kwa ukatili, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka taarifa zifike serikali ya mtaa, ambako kuna ustawi wa jamii, na dawati la jinsia na watoto polisi nalo linapokea. Na mtoto aambiwe hilo mapema kabla hajafunguka, asije akaona kasalitiwa.

Sasa kasheshe: shule niliyosoma mimi mwalimu wa unasihi ndo huyohuyo wa nidhamu, asubuhi yuko getini na fimbo anachapa wachelewaji, mchana anakwambia njoo unieleze yanayokusibu mwanangu. Nani aende? Tulikuwa tunamwambia tumbo linauma tu.

Kama shuleni hakuna wa kumuamini, mtoto anaweza kupiga 116 mwenyewe, ndo namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.