Dhana potofu za wakimbiaji wa ridhaa kuhusu majeraha na uchovu

Kilimanjaro Marathon kwa kawaida hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari. Kwa hiyo mkimbiaji mwenye ajira huongeza kilomita Desemba na Januari, miezi ya safari, sherehe na usingizi mfupi. Ndipo visigino na miundi huanza kuuma, na ushauri mbovu husambaa haraka kuliko mzuri.

Dhana: Kano ya kisigino ikiuma, pumzika mpaka iache.

Itaacha, kisha itauma tena ukirudi barabarani, kwa sababu kano isiyobeba mzigo hudhoofika. Tiba yake ni mzigo uliopimwa. Zoezi lililotangazwa mwaka 1998 na Håkan Alfredson wa Uswidi na wenzake bado linafaa, na halihitaji chochote zaidi ya ngazi. Simama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Inuka kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shusha kisigino polepole mpaka kipite usawa wa ngazi. Kupanda tena, tumia mguu usiouma. Fanya mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka na seti 3 likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Likizoeleka, vaa begi la kilo 5.

Wengi huharibu kwa kuacha wiki ya nne, mara tu wanapopata nafuu. Wengine wanaumwa pale chini kabisa, kano inaposhikana na mfupa. Hao wafanyie sakafuni, maana kushusha kisigino sana huibana kano kwenye mfupa. Maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika, mradi kesho asubuhi kisigino kisiwe kimekakamaa kuliko leo. Ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu na ukashindwa kusimama kwa vidole, huenda kano imekatika: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dhana: Muundi ukiuma, uchue, meza diklofenaki, endelea.

Maumivu yaliyotandaa kando ya mfupa mara nyingi hutulia ukipunguza kilomita. Yaliyo mahali padogo, panapofunikwa na ncha ya kidole, na yanayokuja hata usiku, huenda ni ufa wa mfupa. Kuchua hakuuzibi, na kidonge huficha onyo. Tena ukikimbia umeishiwa maji, kidonge hicho kinaweza kuumiza figo. Eksirei ya wiki mbili za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kukimbia. Ufa wa muundi huhitaji takriban wiki 6 hadi 8 kupona. Maumivu ya kinena yanayozidi ukikanyaga yanatisha zaidi, kwani shingo ya mfupa wa paja inaweza kuvunjika. Ukiwa na maumivu hayo usisubiri, nenda hospitali.

Dhana: Ukikosa hamu ya kukimbia, umekuwa mvivu.

Kauli hii inaumiza watu wenye bidii kuliko wote. Mwili haupati nafuu ya mazoezi pale kazi, foleni na usiku wa saa tano za usingizi vinapoikatiza. Mwendo uliouzoea unakuwa mzito, hasira inakuwa karibu, na mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani yanaweza kubaki juu ya kawaida yako siku kadhaa mfululizo.

Kwetu, pima kwanza malaria na wingi wa damu. Ukiwa na homa usikimbie hata kidogo. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma ya maharage na mchicha. Inywe saa moja baadaye, na mezani weka chungwa lisaidie ufyonzwaji huo. Angalia pia kiasi unachokula: hedhi inayokatika kwa mkimbiaji mara nyingi ni dalili ya chakula kisichotosha, na mifupa hudhoofika nayo.

Kama vipimo ni safi, kaa siku 7 hadi 14 bila saa ya kupimia kasi, ukitembea tu. Usipopata nafuu, muone daktari. Uchovu uliokomaa huchukua miezi.

Dhana: Wiki mbili bila kukimbia zinafuta kila kitu.

Pumzi hupungua kidogo tu, na nguvu ya misuli hudumu zaidi. Rudi pale unapoweza kutembea dakika 30 bila maumivu: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, siku moja kimbia, siku inayofuata pumzika. Ongeza dakika kwanza, kasi baadaye, milima mwisho.