Je, wajua mtumbwi wa bi harusi huwa wa nani baada ya ndoa?

Tumchukue binti wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, aliyenunua mtumbwi na injini kwa fedha za dagaa kabla hajaposwa na kijana wa Ujiji mwenye shamba la michikichi. Wengi watasema kwamba siku ya ndoa vyote viwili huwa mali ya nyumba moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 58 kinaeleza kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo, na hapo ndipo mkataba wa kabla ya ndoa unapopata nafasi.

Mbona basi waandikiane, ikiwa sheria imekwisha kutenganisha? Kwa sababu mali haikai kama ilivyokuja. Mume hulipia mbao mpya za mtumbwi, mke hutoa faida ya dagaa ikanunua miche ya michikichi, na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka nani aliweka nini. Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili, pamoja na ile iliyokuwa ya mmoja tangu awali lakini mwenzake akaiendeleza kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo kuandika tu kwamba kila mtu ana chake hakutoshi. Mkataba wa maana hutaja injini ni ya nguvu kiasi gani, shamba lina michikichi mingapi, na ongezeko litakuwa la nani.

Mipaka ipo. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na malezi ya watoto huamuliwa kwa kuangalia ustawi wao. Tena, tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inazihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali.

Wapo wanaoona kuandikiana ni kujitabiria talaka. Nashangaa, maana hapo Ujiji mahari hutajwa mbele ya mashahidi, na nikahi yenyewe ni mkataba. Cha kuangalia zaidi ni wakati: karatasi inayoletwa usiku wa kuamkia harusi, sufuria za pilau zikiwa jikoni na wageni wa Kasulu wamekwisha kushuka basi, ni rahisi kudaiwa baadaye kwamba ilitiwa saini kwa shinikizo.