"Nilimsindikiza Tu"

Alikuja kwangu kutafuta dawa ya usingizi. Kila siku saa tisa usiku macho kodo, mpaka kunakucha. Mimi ni mwanasaikolojia, dawa siandiki, basi tukaongea. Kikao cha tatu ndipo alipofunguka, huku amekikazia macho kiatu chake: "Mke wangu alitoa mimba. Tulikubaliana. Mimi nilimsindikiza tu."

Hiyo "tu" naijua. Wanaume wengi hujificha humo.

Watu huniuliza kama kutoa mimba huleta ugonjwa wa akili. Kwa ushahidi uliopo, kwenyewe tu hakuleti. Mapitio ya tafiti yaliyotoka Uingereza mwaka 2011 yalionyesha kwamba mwanamke mwenye mimba asiyoitaka ana uwezekano uleule wa kupata matatizo ya akili, atoe au azae. Kinachobashiri zaidi ni kama aliwahi kuugua kabla. Huko Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 5 wanawake karibu 1,000 waliokwenda kliniki kutaka kutoa mimba, wakiwemo waliokataliwa. Kwa waliohudumiwa, hisia iliyotajwa zaidi ilikuwa nafuu.

Ila nafuu na huzuni hulala kitanda kimoja. Mtu anashukuru asubuhi kwamba yamekwisha, jioni analia bafuni, bomba kalifungulia asisikike. Machozi hayo si lazima yawe majuto. Nakerwa na anayemwambia "unalia nini, si ulitaka mwenyewe?" sawasawa na anayeyafanya machozi hayo kuwa ushahidi wa kosa.

Wanaoumia zaidi ni waliolazimishwa, wanaobeba siri peke yao, na wanaoishi na watu wa kuwanyooshea vidole. Halafu wapo wazazi walioitaka mimba, vipimo vikaonyesha kasoro kubwa kwa mtoto. Jina lilishachaguliwa. Hao wamefiwa, na wanahitaji kuomboleza kama wafiwa wengine.

Usingizi, hamu ya kula au kazi vikivurugika zaidi ya wiki mbili, mwone mtaalamu. Mawazo ya kujiua yakija, usingoje hata siku moja.

Baba tafiti humgusa kwa uchache, na nyumbani huambiwa akaze moyo. Akinyamaza, mke husema hajali. Mke akilia, yeye huona analaumiwa. Ndoa zinapasuka hapo, kwa watu wawili wanaoomboleza kitu kilekile vyumba tofauti.

Yule bwana nilimwomba aje na mkewe. Nikawataka kila mmoja asimulie siku ile tangu walipoamka, mwenzake asimkatize. Zamu ya mume ilipofika alieleza habari za mkoba: mke alimwachia mkoba wake akiingia ndani, naye hakujua auweke wapi, akaupakata saa nne nzima.

Mkewe akageuka. "Mimi nilijua uliondoka," alisema. "Nilipotoka nilikukuta mlangoni, nikadhani ndiyo kwanza unarudi."