Kuwasilisha ritani si kuomba marejesho

Mitaa ya biashara ya Dodoma ina imani ya siku nyingi: ukishawasilisha ritani ya VAT (taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani) inayoonyesha umelipa zaidi, pesa yako iko njiani, na ikichelewa basi kuna mtu amekalia faili. Uzembe wa ofisini upo, sikatai. Lakini mara nyingi ucheleweshaji unaanzia kwenye sheria yenyewe.

Chukua mtengeneza mvinyo aliyesajiliwa kwa VAT. Mwezi huu amenunua mtambo na chupa, akalipa VAT kubwa, huku mauzo yakiwa madogo. (Zabibu mbichi hazimhusu hapa, maana hazitozwi VAT.) Kwenye ritani, inayotakiwa kufika TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kodi ya manunuzi inazidi ya mauzo. Ziada hiyo hailipwi taslimu. Chini ya Sheria ya VAT ya mwaka 2014, kwa kawaida husogezwa mbele miezi 6 ikipunguza kodi ya miezi hiyo. Ikibaki, ndipo aombe marejesho, kwa maombi ya peke yake. Wanaouza zaidi nje ya nchi wana nafuu ya kutosubiri hivyo.

Maombi yakifika, uhakiki unaanza. Hapa ndipo wengi hukwama: risiti isiyo ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti), TIN (namba ya mlipakodi) iliyokosewa tarakimu, au muuzaji ambaye hakutangaza mauzo yale. Na ukiwa na deni jingine la kodi, marejesho huanza kulilipa hilo kabla hujaona shilingi.